Elfu themanini za darasa la gemu: mjomba nimerudi na daftari

Jina la duka hili la kuchezea gemu silitaji. Mwenye duka na mimi tunaswali safu moja kila Ijumaa, na nina malalamiko mawili ambayo si madogo. Wenye kulijua watalijua tu: Ng'ambo, Zanzibar mjini, mwendo wa dakika tano kutoka majumba ya Michenzani, ghorofa ya kwanza juu ya duka la simu, ngazi nyembamba ambazo mkikutana wawili, mmoja hana budi kurudi nyuma.

Sikwenda kwa hiari yangu. Dada yangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. "Kaka, mpwao kasema hasomi tena. Anataka kulipwa kwa kucheza gemu, ati kuna watu wanalipwa dola. Nenda wewe ukaangalie, mimi nikenda nitamzaba kofi mbele za watu." Kijana ana miaka 17, kamaliza Kidato cha Nne, matokeo bado. Mimi kazi yangu ni kushika daftari za hoteli mbili huko Kaskazini, kwa hiyo katika ukoo wetu kila jambo lenye harufu ya fedha huletwa kwangu, hata liwe la kupagawa.

Mchana duka ni pahala pa kuchezea. Usiku baada ya Isha, Jumatatu mpaka Alhamisi, lina darasa la wiki mbili: namna ya kupata riziki kwa gemu. Mwanafunzi 80,000, mzazi anakaa nyuma bure. Nililipa mimi, nikakaa nyuma, daftari mapajani.

Nianze na chumba chenyewe, maana wengi mtakwenda kwa hicho wala si kwa darasa. Kuna mashine za PlayStation: PS4 saba na PS5 tatu. PS4 kwa saa ni 1,500, PS5 ni 3,000, mechi moja ya mpira 500. Kiyoyozi kinapoza kweli. Viti vilikuwa vya ofisi ya watu wengine zamani, lakini mgongo vinaubeba. Adhana ikilia sauti zote zinazimwa, na Ijumaa wanafunga saa tano na nusu wakafungua saa nane. Choo kisafi, ndoo ina maji, na ukijua vyumba vya gemu vya mjini utafahamu kwa nini nimelitaja hilo. Juisi ya ukwaju ya chupa 2,000, sukari imezidi.

Sasa pedi, kile kishikio cha kuchezea. Pedi namba sita ina kipande cha plasta nyeupe mgongoni, na kijiti chake cha kushoto kinavuta chenyewe. Unaweka dole gumba, hukisukumi, na beki wako anaanza kutembea kuelekea kwenye kibendera cha kona, taratibu, kama mbuzi aliyesikia mtu anamwaga pumba. Ukimrudisha anageuka, ukimwacha anakwenda zake. Mimi nilidhani ni ujinga wangu. Mtoto wa miaka kama kumi na moja akanitia mabao matano, halafu akanitazama kwa huruma: "Pole ami. Hiyo pedi wanapewa wageni." Kumbe wenyeji wote wanalijua, na kila mmoja akiingia anakimbilia namba mbili au namba tisa. Ukipewa sita, irudishe. Mwenye duka atasema nzima, mwambie aicheze yeye.

Na umeme. Sisi tuliokaa miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuogopi umeme kukatika. Jenereta lipo na linawaka ndani ya dakika mbili hivi. Lakini mashine zikizimika mechi inapotea, kuwasha upya ni dakika nyingine tano, na saa ya kuhesabia malipo inaendelea kukimbia. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Nimemwambia mwenyewe uso kwa uso, akasema "mashine ndiyo inayohesabu". Mashine haikujiweka yenyewe, bwana.

Haya, darasa.

Wanafunzi kumi: wavulana tisa na binti mmoja wa Mwanakwerekwe, ushungi mweusi, daima kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mwalimu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, ana ulimi. Usiku wa kwanza alitundika picha ukutani: mashindano ya gemu ya timu ya Dota 2 yanayoitwa The International, Bucharest, Romania, mwaka 2021. Mfuko wa zawadi zaidi ya dola milioni 40. Timu ya Team Spirit ikabeba milioni 18 na ziada. Wavulana wakapiga kelele mpaka wa duka la chini akagonga dari kwa fimbo. Ikafuata picha ya Kyle Giersdorf, mtoto wa Kimarekani aliyejiita Bugha, miaka 16, dola milioni 3 katika Kombe la Dunia la gemu ya Fortnite, New York 2019. Nikamtazama mpwa wangu. Macho yalikuwa yamekwenda New York, kiwiliwili ndicho kilichobaki Zanzibar.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo milioni 40 alizitoa nani?"

Swali la mshika daftari, sina jingine. Kila fedha iliyoingia mahali imetoka mahali. Mwalimu akasema "kampuni". Yule binti, bila kuinua macho kwenye simu, akasema, "Si kampuni, mjomba. Wachezaji wenyewe." Akaeleza vizuri kuliko aliyelipwa kutueleza. Valve, wenye gemu, walianza na dola milioni 1.6. Kisha kila mwaka walikuwa wakiuza kitu cha msimu ndani ya gemu, mapambo na changamoto, na robo ya mauzo ndiyo iliyoingia kwenye mfuko wa zawadi. Robo tatu ilibaki kwao.

Nikafungua daftari. Toa 1.6 kwenye 40, zidisha kwa nne: zaidi ya dola milioni 150 zimetoka mifukoni mwa mashabiki ili milioni 40 zionekane jukwaani. Sikusema ni dhulma. Ni biashara, na nzuri. Lakini usiku ule nilimfahamu mwenye meza ni nani.

Binti akaongeza jambo ambalo mwalimu hakulipenda. Mwaka 2023 Valve waliacha kuuza kile kitu kwa namna ile ya zamani. Mfuko mzima mwaka huo haukufika dola milioni 4. Na aliyeshinda? Team Spirit walewale. Vijana wa jina lilelile, kikombe kilekile, na fedha hazikufika hata sehemu ya kumi ya zile za mwanzo. Katika hoteli zangu, mteja akipunguza malipo hivyo kwa msimu mmoja, tunafunga jiko. Mwalimu akapeleka picha mbele haraka.

Kuhusu Fortnite nina neno moja tu. Fainali ya mtu mmoja mmoja ilikuwa na wachezaji 100, na wa mwisho kabisa naye aliondoka na dola 50,000. Hilo ni jema na mwalimu alilisema. Asilolisema ni kwamba Epic Games, wenye gemu hiyo, wenyewe walitangaza kuwa zaidi ya watu milioni 40 walijaribu kufika huko.

Usiku wa tatu hapakuwa na darasa, umeme umekwenda na jenereta halina mafuta. Usiku wa nne mwalimu kaenda harusini Wete, Pemba, meli ikachelewa kurudi. Viandike hivyo viwili, nitavirudia.

Wiki ya pili ikawa na nuru. Mwenye duka alimleta kijana wa Kikwajuni, mkimya, kanzu na ndara, ambaye anaishi kwa gemu kweli, hapa hapa kisiwani. Hakuwa na picha za ukutani. Alikuwa na daftari la skuli lenye mistari, jalada limekunjika, na ndani kaandika kila shilingi kwa kalamu ya buluu. Moyo wangu ukamwelekea palepale. Akatusomea mwezi wake mmoja. Kukata na kuunganisha video za watu, wawili wa gemu na mmoja wa kampuni ya kutembeza watalii: 310,000. Kuuza almasi, yaani fedha za ndani ya gemu ya simu ya Free Fire, kwa watoto wasio na kadi ya benki: 95,000 faida. Matangazo ya YouTube: 120,000. Kumfundisha mtoto wa tajiri mmoja wa Mbweni kucheza mpira wa kwenye mashine: 80,000. Na zawadi za mashindano? Akafunua kurasa nyuma, miezi saba, akatuonyesha mstari mmoja: 150,000, mara moja, nafasi ya pili. "Hizo nilinunulia pedi," akasema.

Jumla nimeiweka mwenyewe: 605,000 kwa mwezi, na ndani yake zawadi hazina hata senti.

Mtaniambia huyo ni mdogo, wakubwa si hivyo. Wakubwa ndio hivyo zaidi. Lee Sang-hyeok wa Korea Kusini, Faker, anayeonekana na wengi kuwa mchezaji bora wa League of Legends tangu gemu izaliwe, ana vikombe vya dunia kadhaa, lakini anaishi kwa mshahara wa timu ya T1 na matangazo, na tangu 2020 ana hisa ndani ya timu yenyewe. Wanaorusha mechi zao laivu Twitch, mtandao wa kutazamia gemu, hulipwa na watazamaji wanaojiandikisha kwa mwezi, na kwa wengi wao nusu huchukuliwa na Twitch. YouTube wanakuachia asilimia 55 ya fedha za matangazo ya video ndefu, ila kwanza uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Yule wa Kikwajuni alichukua miezi kumi na minne kufika hapo. Alipofika alinunua mkate wa kumimina akala na mama yake, basi, hapakuwa na sherehe.

Mpwa wangu hakushindwa kirahisi. Tukirudi nyumbani, pale penye muuza urojo, akaniambia: "Mjomba, na Arslan Ash je?" Nilikuwa simjui. Ni Mpakistani wa Lahore, anacheza Tekken, gemu ya kupigana mtu na mtu. Mwaka 2019 alikwenda Japani baada ya kusumbuliwa na viza na safari, akawashinda wakubwa wote katika Evo ya huko, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kisha mwaka huohuo akaichukua Evo ya Las Vegas. Kabla ya hapo dunia haikuwa na habari kwamba Lahore kuna watu wanaojua Tekken kiasi hicho. Wamefundishana wenyewe, bega kwa bega, mashine moja.

Hapo nilinyamaza, nikala urojo wangu. Kijana kapiga penyewe. Na nilipolala nililiwaza zaidi. Pale dukani gemu za risasi za mtandaoni nimeziona pingi, yaani muda wa amri kwenda na kurudi mtandaoni, inacheza kati ya milisekunde 140 na 190. Maana yake unabonyeza leo, mwenzako wa Ulaya kesha kukupiga jana. Lakini Tekken na mpira wa kukaa wawili mbele ya televisheni moja, bahari haiingii kati. Kenya wanaye Sylvia Gathoni, QueenArrow, msichana aliyesoma sheria huku anacheza Tekken mpaka akapata wadhamini wa nje. Kama mwalimu angelianza na hao, nisingelikuwa na la kusema. Hakuwataja hata mmoja.

Usiku wa mwisho palikuwa na mashindano, na hapa niwe mkweli kwa sababu wazazi wengi wataniuliza. Mpango wa awali ulikuwa watu 32, kiingilio 5,000 kila mtu, mshindi 100,000, duka libaki na 60,000. Mzazi mmoja, ustadh wa chuo cha Jang'ombe, akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Akauliza kwa upole kabisa: fedha za walioshindwa zikiwa ndiyo zawadi ya aliyeshinda, hii na kamari zimeachana wapi? Chumba kikawa kimya, ukasikia feni ya PS4. Huko nchi za nje jambo hili wala halishangazi. Evo kwa miaka mingi zawadi zake zimekuwa zikichangwa kwa viingilio vya wachezaji. Lakini sisi tuna mizani yetu.

Mwenye duka, lazima nimpe haki yake, hakubisha. Aliteremka chini kwa wa duka la simu. Wakarudi pamoja baada ya robo saa. Kiingilio kikafutwa. Zawadi 100,000 ikatoka kwa duka la simu, kwa sharti bango lake litundikwe juu ya televisheni na visikizi vyake viuzwe mlangoni. Vikauzwa kumi na tisa, nimevihesabu. Yule aliyekuwa akigonga dari kwa fimbo usiku wa kwanza sasa anataka mashindano kila mwezi. Watoto wale walikuwa wamekaa saa nzima Jumanne wakifundishwa neno "udhamini" kwa michoro ya mishale, wasiambulie kitu, na hapa limetendeka mbele yao. Mwalimu hakuligusia hata kidogo, alikuwa akipanga ratiba ya mechi.

Lalamiko la pili sasa, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Mechi zilipokwisha mwalimu aliwaita pembeni watoto watatu "wenye kipaji", mpwa wangu mmojawapo. Kawapa karatasi mbili za mkataba wa kuingia "timu". Kiingereza kitupu. Kijana keshashika kalamu. Nikaichukua nikasoma chini ya taa ya ngazi: miaka mitatu, timu ichukue asilimia 40 ya kila kitu atakachopata, zawadi, wadhamini, na matangazo ya chaneli yake ya video hata kama kaitengeneza chumbani kwake. Timu itampa nini? Fulana. Na "fursa". Mshahara haumo, pedi haimo, nauli haimo. Mtoto wa miaka 17, hakuna nafasi ya mzazi kutia saini.

Mikataba ya namna hii imewaponza hata waliokomaa. Mwaka 2019 Turner Tenney, anayeitwa Tfue, aliishitaki timu yake ya FaZe Clan huko California, akidai mkataba uliiruhusu timu kuchukua hadi asilimia 80 ya baadhi ya fedha za wadhamini wake. Timu ilikana kuwa imemnyonya, na mwaka 2020 wakamalizana nje ya mahakama. Yule alikuwa na wanasheria. Huyu wangu ana mimi na miwani ya kusomea.

Nikamwambia mwalimu: timu halisi humlipa mchezaji mshahara, inamlisha, inamsafirisha, ndipo inadai sehemu. Hii yako inadai sehemu kwanza. Akasema sielewi mambo ya kisasa. Huenda. Asilimia 40 naielewa. Na nikamuuliza kama anajua kuwa mgeni akishinda zawadi Marekani, kodi ya kule kwa kawaida humkata asilimia 30 kabla hajaigusa, ikiwa nchi yake haina mkataba nao. Toa 30, kisha toa 40 ya kinachobaki. Kati ya dola mia, kijana anabaki na 42. Hakuwa amepiga hesabu hiyo. Binti wa Mwanakwerekwe alikuwa ngazini anatusikiliza. Naye kapewa karatasi, akaikunja nne akaitia mkobani. "Nampelekea baba," akasema, akateremka.

Mpwa wangu hakusema na mimi siku mbili. Siku ya tatu kaja nyumbani kuazima kompyuta yangu ya kazi, ati yule wa Kikwajuni kampa video za watalii za kukata, 15,000 kila moja. Nimempa, nimeficha mafaili ya hoteli.

Kuhusu fedha yangu. Darasa lilikuwa siku nane kwa 80,000, yaani 10,000 kwa usiku, na siku mbili hazikusomwa. Nimedai 20,000. Mwenye duka kanipa saa sita za PS5, sawa na 18,000, na chupa moja ya ukwaju, 2,000. Hesabu imekaa sawa, nimekubali. Mkataba ule kaniahidi utaandikwa upya kwa Kiswahili na utiwe saini mbele ya mzazi. Mpaka nnaandika haya sijauona.

Kwa kucheza, nendeni, chumba kizuri na bei ya haki, ila umeme ukikatika tazameni saa zenu wenyewe. Kwa darasa, subirini mpaka wamweke yule mwenye daftari la kalamu ya buluu afundishe siku zote nane. Katika saa zangu sita nimetumia mbili. Ya kwanza nilifungwa matano na mtoto yuleyule, na safari hii nilikuwa na pedi namba tisa.